Tunamshukuru Mungu, ila…

Daftari lenyewe lilikuwa dogo, yale ya watoto wa shule ya msingi yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mpwa wangu alilisahau juu ya meza siku alipokuja kulala kwangu, nami nikalifungua nikidhani ni la hesabu za vikoba. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na chini ya tarehe mistari mitatu. Ukurasa wa Jumanne ulisomeka hivi: "1. Nimeamka mzima. 2. Bosi leo hajanitukana. 3. Nimepata lifti mpaka Buguruni, nauli imebaki."

Mstari wa pili niliurudia mara kadhaa. Anayeandika kwamba leo hajatukanwa anatuambia kwamba siku nyingine hutukanwa. Alikuwa muuzaji katika duka moja la vipodozi Kariakoo, na mama yake alishaninong'oneza kwamba mshahara wa mwezi uliopita hajapewa, na wa mwezi huu dalili hazionekani. Nikapekua kurasa zote. Mshahara haukutajwa hata mara moja.

Asubuhi nikamuuliza. Akasema, "Mama mdogo, kwenye semina walitukataza kuandika malalamiko. Ukiandika kinachokuuma, unakiita. Ukishukuru, unafungua mlango." Alisema kwa utulivu wa mtu anayeamini, huku akikoroga chai. Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na hasira, na hasira si hoja. Tena mimi nimelelewa katika nyumba ambayo hakuna aliyeinuka mkekani bila kumwambia aliyepika asante. Nikabaki najiuliza kama adabu niliyofundishwa mimi na ufunguo wa mafanikio aliofundishwa mpwa wangu ni kitu kimoja.

Nimesoma mengi tangu siku ile, na ninaamini kwamba si kimoja. Kinachouzwa leo kwa jina la shukrani ni kamba ya nyuzi tatu. Uzi wa dini ndio mkongwe. Uzi wa wauza mafanikio una miaka mia na kidogo. Uzi wa saikolojia ya majaribio ni mchanga kabisa. Mhamasishaji akipanda jukwaani huvuta zote kwa mkupuo: anasoma aya, anasema utafiti umethibitisha, kisha anaahidi nyumba na gari. Anayeheshimu Maandiko na kuheshimu elimu hujikuta ameibeba na ile ahadi ya mwisho, maana imefungwa humo humo.

Nianze na huo wa katikati. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Wallace Wattles, alichapisha kitabu cha namna ya kutajirika, na sura nzima akaiweka kwa ajili ya shukrani. Alifundisha kwamba vitu vyote vinatokana na kiini kimoja kilichoenea ulimwenguni, kwamba fikra za mtu zinaweza kukifinyanga kiini hicho, na kwamba shukrani ndiyo inayoiunganisha akili na chanzo cha neema. Karibu miaka mia baadaye mtayarishaji wa televisheni wa Australia, Rhonda Byrne, alikisoma kitabu hicho, na mwaka 2006 akatoa filamu na kitabu vilivyoieneza duniani kote ile inayoitwa sheria ya mvuto, yaani kwamba anachokiwaza mtu ndicho anachokivuta kwake. Kwa hiyo ukiambiwa ukumbini Dar es Salaam au Nairobi kwamba ushukuru kwa ajili ya gari ambalo bado hujalipata, jua kwamba fundisho hilo halikutoka msikitini wala kanisani, na halikutoka maabara yoyote.

Je, lina ukweli? Hakuna ushahidi kwamba hisia za mtu zinavuta mali. Ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine. Mwaka 2002 Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha uchunguzi ambao ndani yake waliwafuatilia wahitimu wa chuo Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Walitofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kutarajia kufanikiwa, yaani kupima hali yako na kuona kwamba unaweza, na kuota mafanikio, yaani kujistarehesha kwa picha zake kichwani. Miaka miwili baadaye wale waliotarajia walikuwa na hali nzuri zaidi. Wale walioota sana walikuwa wamepata nafasi chache za kazi na mishahara midogo. Ndoto inayoonja matunda kabla ya kilimo hupunguza nguvu ya kushika jembe. Kushukuru kwa kitu ambacho hakipo ni ndoto ya aina hiyo, hata kikivalishwa nguo ya imani.

Uzi wa maabara unastahili muda zaidi, kwa sababu ndio unaonukuliwa sana na kusomwa kidogo.

Mwaka 2003 Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, pamoja na Michael McCullough, walichapisha majaribio matatu. Katika la kwanza waliwagawa wanafunzi wa chuo makundi matatu. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. La pili liliandika kero za wiki. La tatu liliandika matukio yaliyowagusa, mazuri au mabaya. Zoezi hilo liliendelea kwa zaidi ya miezi miwili. Walioshukuru waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, na waliripoti kufanya mazoezi ya mwili karibu saa moja na nusu zaidi kwa wiki. Jaribio la tatu liliwahusu watu wenye maradhi ya misuli na neva, na humo pia walioshukuru walijisikia vizuri zaidi na kulala vizuri zaidi.

Hapa panataka jicho la karibu. Ile saa moja na nusu ilipatikana kwa kuwalinganisha walioandika shukrani na walioandika kero. Sasa fikiria: umemwambia mwanafunzi akae kila wiki ahesabu yanayomuudhi. Akinyong'onyea na kuacha mazoezi, tofauti inayoonekana imeletwa na shukrani ya mwenzake au na kero zake yeye? Ni sawa na kumpima aliyekunywa maji dhidi ya aliyekunywa maji ya bahari, halafu ukatangaza kwamba maji ya kawaida ni dawa. Watafiti wenyewe waliandika wazi walilinganisha nani na nani. Jambo hilo hupotea njiani kabla habari haijafika kwenye stetasi za WhatsApp.

Waliofuata walijaribu kurekebisha kasoro hiyo. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwatumia watu mamia kupitia intaneti. Wengine waliandika kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu zake. Wengine walimwandikia barua mtu aliyewahi kuwatendea wema na hawakumshukuru ipasavyo, kisha wakaipeleka kwa mikono yao wenyewe. Kundi la ulinganisho liliandika kumbukumbu za utotoni. Waliopeleka barua ndio waliopanda furaha kuliko wote, ila baada ya miezi mitatu furaha hiyo ilikuwa imerudi ilikotoka. Wa mambo matatu walipanda polepole na kudumu zaidi, hasa wale walioendelea kuandika kwa hiari yao baada ya wiki ile. Hapo ndipo yalipotoka yale madaftari ya mistari mitatu, likiwemo la mpwa wangu.

Lakini mwaka 2012 Myriam Mongrain na Tracy Anselmo-Matthews wa Kanada walilirudia jaribio hilo wakiwa na ujanja mmoja mzuri. Kundi moja la ulinganisho waliliambia liandike kumbukumbu nzuri za utotoni. Likafanya vizuri sawasawa na walioandika mambo matatu. Yaani kinachosaidia huenda kikawa kile kitendo cha kukaa kimya usiku na kuleta moyoni kitu chema, kiitwe shukrani au kiitwe kumbukumbu za bibi. Mwaka 2016 Don Davis na wenzake walipozikusanya tafiti nyingi na kuzichambua kwa pamoja waliona jambo linalofanana na hilo: ukilinganisha na kutofanya chochote, shukrani inasaidia kiasi, ukilinganisha na zoezi jingine lenye maana, tofauti inayeyuka. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens wa Ohio walichambua tafiti 27 zenye washiriki 3,675, wakiangalia sonona na wasiwasi. Nafuu ilikuwepo, ndogo. Wakashauri kwamba mwenye sonona atafute tiba zenye ushahidi wenye nguvu zaidi.

Ushauri huo nautia mkazo kwa sababu kwetu mtu akisema amechoka kuishi, jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni "hesabu baraka zako". Mwenye sonona anaweza kuzihesabu zote, watoto, afya, paa, na bado asisikie kitu. Ile orodha humwongezea aibu: anavyo vyote hivi, kwa nini hafurahi? Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza na daktari wa afya ya akili, na kumkabidhi kalamu ni kumtupa.

Pamoja na yote hayo sisemi kwamba daftari halina kazi. Lina kazi moja ninayoiheshimu, nayo ni kupigana na mazoea. Mtaani kwetu bomba lilikuwa kavu kwa wiki nyingi. Siku maji yalipotoka, saa kumi alfajiri, watu walitoka na ndoo wakiitana kwa furaha kama usiku wa kuamkia sikukuu. Mwezi haujaisha hakuna aliyekuwa akiusikia mlio wa bomba. Binadamu ameumbwa hivyo, huzoea. Anayekaa na kuandika "leo maji yametoka" anajilazimisha kuusikia tena mlio ule. Ila na kuandika nako huzoeleka. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba waliohesabu baraka mara moja kwa wiki walipata furaha zaidi, na waliohesabu mara tatu kwa wiki hawakupata. Wanaotuambia tuandike kila asubuhi na kila jioni bila kukosa wanatufundisha kazi ambayo baada ya muda mkono huifanya peke yake.

Sasa nije kwenye lugha, maana huko ndiko nilikopata jibu la mpwa wangu.

Neno asante tumelipata kutoka Kiarabu, ahsanta, maana yake "umetenda vyema". Ndani ya neno kuna "wewe". Haliwezi kusemwa hewani, lina mtu anayetazamwa usoni. Na kushukuru ni hivyo hivyo, tunamshukuru fulani kwa jambo fulani. Huko semina mtu alifundishwa kushukuru kama anavyofundishwa kuvuta pumzi, kwa faida ya mapafu yake. Orodha ya mpwa wangu haikuwa na mtu wa kushukuriwa ndani yake. Aliyempa lifti mpaka Buguruni hakutajwa, iliyotajwa ni nauli iliyobaki. Waislamu wanaijua hadithi isemayo kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Shukrani inapita kwa watu.

Lugha yetu ina na kitu kingine, kidogo mno hata hatukioni. Sikiliza watu wawili wazima wakisalimiana. "Habari za nyumbani?" "Tunamshukuru Mungu, ila bibi miguu inamsumbua." "Mnaendeleaje?" "Alhamdulillahi, hatujambo, lakini mvua imetukatili mwaka huu." Shukrani inatangulia, halafu inakuja ile *ila*. Aliyeuliza hawezi kupita moja kwa moja baada ya kuisikia, lazima asimame: pole, bibi ameanza lini, mmempeleka wapi? Shukrani ya kwanza inamwambia kwamba hujakufuru, na ila inamwambia pale unapohitaji mkono. Zote ziko katika sentensi moja na hakuna inayoiharibu nyingine. Mafundisho ya mafanikio yamechukua nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuipiga marufuku nusu ya pili.

Na wanaipiga marufuku kwa kisingizio cha dini, jambo linaloniuma zaidi. Aya inayosomwa sana makanisani ni 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Kiswahili chetu hapo kinaweza kusikika kana kwamba tunaamriwa kushukuru kwa sababu ya kila jambo, hata kufukuzwa kazi, hata kufiwa na mtoto. Maneno ya Kigiriki ni *en panti*, katika kila jambo, katika kila hali. Tofauti ni kubwa. Mtu anaweza kuwa msibani na bado akashukuru kwa majirani waliokesha naye, bila kuushukuru msiba. Biblia hiyo hiyo ina Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu atasahau hata lini, na inamalizika kwa kuimba ukarimu wake. Malalamiko na sifa ndani ya aya sita. Katika Qurani sura ya Ibrahim aya ya 7 inaahidi kwamba mkishukuru mtazidishiwa, na wahamasishaji wanaipenda sana. Lakini nabii Yaqub katika sura ya Yusuf anasema bila kuficha kwamba anamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni na majonzi yake. Hakuna aliyemwambia kwamba akitaja huzuni ataiita.

Sisi wenyewe tuna msemo kwamba kushukuru ni kuomba tena, na nimeusikia ukitumiwa kuitetea sheria ya mvuto. Naona unasema kingine. Unasema kwamba anayekushukuru vizuri anaacha mlango wazi, akirudi kesho utampokea. Ni hekima ya kuishi na watu, na kuomba kwenyewe ni kukiri kwamba kuna kilichopungua.

Nisogee sasa kwenye lile la mshahara. Katika Kiswahili fadhila na haki ni vitu viwili. Fadhila ni kile ambacho mtu angeweza kutonipa na bado asinidhulumu. Haki ni kile ambacho asiponipa amenidhulumu. Fadhila hushukuriwa. Haki hudaiwa, na ikilipwa tunasema asante kwa adabu, kama tunavyomwambia kondakta asante akitupa chenji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu akishukuru kwa kuwa na kazi wakati kazi hiyo hailipwi, kuna mtu mahali fulani amefanikiwa kuigeuza haki kuwa fadhila. "Shukuru una kazi, wenzako wako mitaani." Sentensi hiyo nimeisikia kwa wasaidizi wa ndani, kwa walinzi wa usiku, kwa walimu wa shule binafsi. Sijawahi kuisikia ikisemwa na anayedai. Husemwa na anayedaiwa.

Dini zenyewe haziruhusu ujanja huo. Mtume Muhammad alisema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Ujira wenyewe unapiga kelele! Halafu mtu mwenye jasho hilo anaambiwa anyamaze ahesabu baraka.

Watafiti wamelipima na hili. Mwaka 2020 Inna Ksenofontov na Julia Becker walichapisha kazi kuhusu watu walio chini wanaposaidiwa na walio juu yao. Waliona kwamba walio chini walipotoa asante kwa msaada huo, nia yao ya kupinga mambo yasiyo ya haki ilipungua. Walimsamehe aliye juu, na kuuona mfumo wenyewe kuwa wa haki. Sisi tulishalijua hilo bila maabara, ndiyo maana tuna neno masimango. Aliyewahi kulelewa nyumba ya ndugu anajua chakula cha masimango kilivyo: kila tonge lina hotuba, ada zilizolipwa zinasomwa mbele ya wageni, na siku ukisema umeonewa unaulizwa, "Hivi ndivyo unavyotulipa?" Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 264, inawakataza waumini kuziharibu sadaka zao kwa masimango na kuudhi. Ninayapenda mafundisho hayo kwa sababu yanamgeukia mtoaji. Wauza mafanikio wanamhubiria mpokeaji peke yake. Sijapata kusikia semina ya kuwafundisha mabosi namna ya kutoa bila kusimanga.

Na kuna deni. Watu wa nchi nyingine wanaweza kuandika barua ya asante na kubaki wepesi. Irina Titova na wenzake mwaka 2017 waliona kwamba Wamarekani Weupe walioandika barua za shukrani walijisikia vizuri, wakati Wahindi waliofanya zoezi lile lile walipata shukrani pamoja na hatia na huzuni. Sishangai. Sisi nasi tunasema "nina deni lako" tukimaanisha. Ukimkumbuka aliyekulipia ada, unakumbuka pia kwamba mwanawe sasa anatafuta shule na wewe hujapiga simu. Kitabu kinachoahidi kwamba shukrani itakupa amani tu kimeandikwa kwa watu wanaoishi mbali na waliowafadhili.

Nilitaka kulijaribu hilo mwenyewe. Nikamwandikia barua mwalimu wangu wa darasa la saba, huko Muheza, nikapanda basi kuipeleka. Mwaka ule kijijini hakukuwa na umeme, naye alikuwa akiwasha karabai barazani kwake tusome hadi saa tatu usiku, mafuta ya taa yakiwa yake. Hakutuchangisha hata senti. Nilimkuta amekaa chini ya mchungwa, amezeeka kuliko nilivyojiandaa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, wewe nani?" Nikajitaja. Nikamuuliza hali. "Tunamshukuru Mungu," akasema, "ila macho."

Nilimpa barua akaishika juu chini. Ndipo nikaelewa. Nikaichukua nikamsomea, na sauti ikanikwama pale kwenye karabai. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mafuta ya taa? Mimi ninachokumbuka ni wewe kusinzia." Tukacheka wote, mkewe akaleta chai na mihogo. Kabla sijaondoka nilitazama macho yake kwa karibu. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe. Mtoto wa jicho. Tulikuwa darasa la watu arobaini na kitu, wengi tuko kwenye kundi moja la WhatsApp, na jioni ile ile nikiwa kwenye basi nikaandika humo. Baada ya wiki sita alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia.

Nikitazama nyuma, sikurudi na furaha ile inayoelezwa vitabuni. Nilirudi na uzito, nikijilaumu kwa miaka niliyochelewa. Lakini barua ilifika kwa mtu, na ila yake ikanifikia mimi. Kama angefundishwa kuuficha upofu wake ili asiuite, ningekunywa chai nikaondoka. Monica Bartlett na David DeSteno walilionyesha hilo kwa jaribio dogo mwaka 2006: kompyuta ya mshiriki inazimika katikati ya kazi ya kuchosha, mtu anamsaidia kuirudisha, na baadaye mshiriki anaombwa kusaidia kazi nyingine isiyo na raha. Waliosaidiwa walijitoa zaidi, hata aliyeomba alipokuwa mgeni kabisa. Shukrani iliwasukuma kwa mtu mwingine. Ninaamini huo ndio mwelekeo wake wa asili, na ukiielekeza kwenye kifua cha mwenye nayo ibaki humo, unapata kile kitu kidogo ambacho tafiti zimekuwa zikikipima.

Nilimwambia mpwa wangu hadithi ya mwalimu. Sikumwambia aache daftari. Nilimwomba tu kila mstari auandike pamoja na jina la mtu, na chini ya mistari mitatu aandike ila. Siku ya kwanza aliandika ila moja. Siku ya tatu aliandika kumi na moja, ukurasa ukajaa ukamwagikia wa pili. Ndani yake kulikuwa na tarehe za mishahara ambayo hakulipwa, na kiasi chake. Orodha hiyo ndiyo tuliyokwenda nayo kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayosikiliza migogoro ya kazi. Madai kama yale yana siku 60 za kuwasilishwa, na yeye alikuwa ametumia zaidi ya nusu akimshukuru Mungu kwamba hajatukanwa. Siku ya usuluhishi mwenye duka alikubali kulipa kwa awamu mbili. Ya kwanza imeshalipwa.

Bado anaandika. Juzi alinionyesha ukurasa mwenyewe, bila kuombwa. Juu ya tarehe kulikuwa na mstari mmoja tu: "Namshukuru mama wa chumba cha tatu, alinikopesha nauli ya CMA. Ila sijamrudishia. Ijumaa."